Mwisho wa Fundi Makame

Mimi kwa fundi wa kanzu siingii. Watoto wangu wanalijua hilo na mume wangu amechoka kuuliza. Idi ikikaribia, Nizwa nzima inahamia kwenye vile viduka vya mafundi karibu na suku, soko la mji, watu wamejipanga mpaka barazani, na mimi nimejikalia garini najifanya nina simu za kujibu. Mwaka huu mume wangu alikuwa Maskati kikazi, ikabidi niteremke mwenyewe na mwanangu mdogo. Nilisukuma mlango wa kioo, ikanipokea ile harufu ya kitambaa kipya, mvuke wa pasi na mafuta ya cherahani. Fundi akamwambia mwanangu anyooshe mikono, kisha akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "Mama, tumwachie urefu, au iwe kipimo chake?" Swali la kawaida kabisa. Nikatoka nje, nikamwacha mtoto na mikono yake imenyooka.

Jambo lenyewe nimelibeba tangu nina miaka kumi. Nawaandikia nyinyi rika langu, mliokulia kwenye kaseti, kwa sababu nikisema upande wa kwanza na upande wa pili hamtanitolea macho. Wanangu nilipowaambia kwamba kaseti ilikuwa ikigeuzwa kama chapati, mmoja aliniuliza kama tulikuwa tunaipika.

Tulikuwa tukikaa Ibra, hapa hapa Oman. Mama, mtu wa Unguja, alikuwa muuguzi, na Baba alifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko jangwani, wiki mbili yupo, wiki mbili hayupo. Kaka zangu wawili walikuwa wameshamponyoka Mama. Kiswahili walikisikia vizuri tu, lakini ukiwasemesha wanakujibu Kiarabu. Mimi nilikuwa kitinda mimba na mtoto wa kike pekee, na Mama akaapa kwamba mimi hanikosi. Kila tukimaliza chakula cha mchana alinikalisha na kijitabu chochote kilichotoka Unguja, nasoma kwa kidole, nikikosea ananigonga na mpini wa mwiko, si kwa nguvu. Maneno mengi sikuyafahamu, lakini sauti nilijaliwa, na nilisoma kama mtu anayefahamu.

Mapenzi yangu mimi yalikuwa mpira. Juu ya kitanda changu nilibandika picha ya golikipa wa timu ya taifa niliyoikata gazetini, na Mama alipouliza huyo ni nani amekaa chumbani kwa mtoto wa kike, nilimwambia ni mwalimu wa skuli. Kaka zangu waliniruhusu kutazama nao mechi ilimradi niwaletee chai. Nilikuwa namjua kila mchezaji, goti lake linamuuma lipi, na tukifungwa nalia mpaka macho yanavimba. Kaka yangu mkubwa yeye alikuwa na wazimu wa aina nyingine, wa muziki wa magitaa ya umeme, wanaume wenye nywele ndefu wanaopiga makelele. Alikuwa na kaseti zao sanduku zima la viatu.

Sasa niwaambie Bi Zuwena ni nani. Alikuwa shangazi yake Mama, tena ndiye aliyemlea. Alikaa Sur, upande wa Aija, ukishavuka daraja, katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja, pamoja na binti yake Raya. Alikuwa mjane, na tangu ujana wake mtu wa vitabu, hasa hadithi. Kisukari kilimla macho kidogo kidogo mpaka kikammaliza. Halafu, macho yameshakwenda, mgeni mmoja aliyetoka Unguja akamletea kitabu cha hadithi cha Kiswahili, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimenyofoka, hata jina lake hatukupata kulijua. Raya alikuwa akisema Kiswahili kama maji lakini kusoma alisoma Kiarabu tu. Bi Zuwena akakaa na kitabu chake chini ya mto, akikitoa anakinusa, anakirudisha.

Mama alipoona hivyo, akanisukuma mbele. "Shangazi, huyu atakusomea."

"Nyinyi mko Ibra, mimi niko Sur. Atanisomea kwa upepo?"

"Kwa kaseti."

Ndivyo nilivyopewa kazi. Kila Alhamisi, siku ya mapumziko enzi zile, nakaa chumbani na ile redio kaseti ya kaka yangu, nabonyeza kitufe chekundu, nasoma upande mmoja, na jioni jirani yetu mwenye teksi ya Sur anapita kuichukua. Kaseti tupu hazikuwepo nyumbani, kwa hiyo nilikuwa naiba za kaka yangu, naziba vile vitundu vya juu kwa karatasi ya gundi ili zikubali kufutwa, na kurikodi juu ya magitaa yake. Nikimaliza kusoma kabla upande haujesha, magitaa yanarudi pale pale yalipokuwa, na yule mwanamume anaendelea kulia.

Bi Zuwena hakuwa mtu wa kusikiliza peke yake. Kila Ijumaa baada ya Alasiri majirani zake, wanawake wa makamo wote watu wa Unguja na Pemba, walikusanyika chumbani kwake na kahawa na halua, wakaifungulia kaseti. Kisha Raya anaigeuza, na upande wa pili wananirikodia wao. Nakuapieni, hakuna mashabiki niliowahi kuwaona uwanjani waliowafikia wale. Nilikuwa nikiipata kaseti Jumamosi, naitia redioni, nasikia vikombe vinagongana na watu kumi wanasema pamoja.

"Marahaba mwanangu, shikamoo yako tumeipata. Hebu mwambie mwandishi yule hakimu ni mla rushwa!"

"Mwandishi anamjua, bibi wee, ndiye aliyemwandika."

"Na huyo anayelia mwishoni, mwenye gitaa, ana nini? Kafiwa?"

"Mwache. Kila mtu na yake."

Hadithi yenyewe ilimhusu Fundi Makame, fundi saa, mtu mrefu wa kuinama akipita mlangoni. Tajiri mmoja alimsingizia kwamba amemuibia saa ya dhahabu, hakimu akamfunga mbali, bara huko, na hakuna aliyejua atatoka lini. Duka lake likabaki na dada yake, Mwanaidi. Kila asubuhi Mwanaidi alifungua duka, akazitia ufunguo saa zote zilizotundikwa ukutani, moja moja, ili kaka yake akirudi asikute hata moja imesimama. Wanawake wa Aija walimpenda Mwanaidi huyo kupita kiasi. Bi Zuwena alinambia kwenye upande wa pili, "Ukifika pale pa saa, mwanangu, usiende mbio. Pasome taratibu." Mimi nikapasoma taratibu, na nikajiona mtu mkubwa.

Idi ile tulikwenda Sur. Bi Zuwena alinikumbatia, akanipapasa uso mzima, akawaambia wenziwe, "Huyu ndiye," na wale mabibi wakanitazama kama mimi ndiye golikipa. Baadaye akanituma chumbani kwake nikamletee uturi uliomo kashani. Nilifungua lile kasha, harufu ya udi na nafthalini ikanipanda puani, nikaona kanzu za kiume. Nyeupe tupu, zimekunjwa moja juu ya moja mpaka karibu na mdomo wa kasha, zote mpya, vile vishada vya shingoni bado vigumu havijawahi kushikwa. Nilizipima kwa macho, zilikuwa ndefu, za mtu mrefu sana. Nyumba hiyo haikuwa na mwanamume. Pale juu palikuwa na chumba kimoja kilichofungwa kwa kufuli, na mimi akili yangu ikaniambia mwenye kanzu yumo mle ndani. Nilikwenda nikatega sikio mlangoni nisikie kama atakohoa.

Garini, wakati wa kurudi, nikamuuliza Mama. "Zile kanzu za nani?"

"Za nduguye Bibi. Nasor. Kila Idi anamshonea moja."

"Yuko wapi?"

Mama alitazama nje dirishani. "Kasafiri."

Mimi kusafiri nilikujua. Baba alisafiri, na baada ya wiki mbili alirudi na nguo za kufua. Kwa hiyo nikakata shauri kwamba Nasor ni mtu mwenye kazi ya mbali na asiye na adabu, anashonewa nguo na haji kuzichukua. Sikulifikiria tena.

Tulifika sura ya mwisho ya kitabu wiki ile ile timu yetu ilipokuwa na mechi kubwa, Alhamisi, jioni mapema. Asubuhi nzima nilishona bendera kwa vitambaa vya Mama. Mama alikuwa hospitali. Nilijiambia nitasoma adhuhuri, nikasema baada ya chakula, na mara nikasikia honi langoni. Jirani yetu wa teksi alikuwa shabiki kunishinda mimi, na alitaka afike Sur kabla ya mpira kuanza.

"Yalla, binti, kaseti!"

"Dakika kumi tu, ami!"

Ningeweza kumwambia wiki hii hakuna. Wale mabibi wangenung'unika kidogo na wangesubiri. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba ilikuwa haraka tu, honi ilinichanganya. Si kweli. Nilikuwa nimechoka na Alhamisi zangu. Kaka zangu walikuwa wanatazama mechi za nchi nyingine zote na mimi nimefungiwa chumbani na Mwanaidi na saa zake. Nikaona nikimaliza leo, nimemaliza. Nikakifunga kitabu kikiwa na sura nzima sijaisoma, nikabonyeza kitufe chekundu, na kwa sauti ile ile ya taratibu aliyoitaka Bi Zuwena nikasema: "Asubuhi moja ikaja barua kutoka gerezani. Fundi Makame alikufa kwa homa, akazikwa huko huko. Mwanaidi alilia sana. Na siku ile hakuzitia ufunguo saa, akaziacha zikasimama. Mwisho."

Hiyo ya saa kusimama ilinijia hivi hivi tu, na niliipenda. Nilitoka mbio na kaseti mkononi huku najisifu moyoni. Mechi tulifungwa, nikalia mpaka nikalala na njaa. Fundi Makame hata sikumkumbuka.

Jumamosi kaseti ikarudi. Nilitia upande wa pili, nikasubiri makelele. Hakukuwa na vikombe. Mtu mmoja alikuwa akipenga kamasi, kisha ikaja sauti ya Bi Zuwena, chini sana. "Mwanangu, tulidhani umekwenda kunywa maji. Tukasema atarudi. Tukamsikiliza yule wa gitaa mpaka kaseti ikazima yenyewe."

Nikawaona wamekaa mkekani, mabibi kumi na mitandio yao, wanasikiliza magitaa ya umeme nusu saa nzima, hakuna anayethubutu kuzima, wanangoja nirudi niseme kwamba hakufa. Nikaizima redio, nikakitia kitabu chini ya godoro.

Jioni yake simu ikalia. Mama alizungumza kidogo, akanipa mkonga wa simu na yeye akabaki amesimama pale pale, akitabasamu kwa fahari ya mwanawe.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hebu nikuulize, mwanangu, na usinifiche. Kitabuni ndivyo ilivyoandikwa? Hukuruka?"

Mama ananitazama. Kitabu kiko chini ya godoro. Neno moja tu lilitakiwa, na yule bibi angelipokea, angecheka, angewaita wenziwe mbio. Nilijua hivyo, si kwamba sikujua.

"Wallahi Bibi, ndivyo."

"Haya," akasema. "Mwandishi alikuwa na haraka. Lakini haya."

Nilijua maana ya kuapa. Mwalimu wa Kurani alitufundisha, na mkono aliunyanyua akatuonyesha wapi moto utaanzia. Usiku huo nilijifunika shuka gubigubi nikingoja kitu kinitokee. Asubuhi niliamka mzima, nikaenda skuli, na hilo ndilo lililonifunza vibaya, kwamba unaweza kufanya jambo kama lile na asubuhi ukapewa mkate na chai.

Haukupita mwezi, Mama akasema tunakwenda Sur, Bi Zuwena anamsomea nduguye Nasor khitma. Nikamuuliza kafa lini. Mama akazima jiko, akakaa, akanieleza kama anavyoelezwa mtu mzima. Nasor alikuwa mdogo wake Bi Zuwena, kijana wa miaka ishirini na mbili. Siku za zile vurugu za Mapinduzi ya Unguja alitoka nyumbani kwenda kumtazama rafiki yake mtaa wa pili, na hakuonekana tena. Mmoja akasema kamwona gerezani, mwingine akasema kamwona Mombasa anauza nguo. Maiti hakuna, barua hakuna. Wao wakaja Oman, na Bi Zuwena akawa kila Idi anamshonea kanzu, kipimo kile kile alichoondoka nacho. Watu walimwambia amsomee tu, apumzike. Masheikhe walimwambia. Kaka yake mwenyewe, yaani babu yangu mimi, alimwambia kabla hajafa. Aliwakatalia wote.

"Sasa kakubali," Mama akasema, na machozi yakamtoka. "Sijui nini kimemlainisha."

Mimi nilijua. Nilisimama na mkoba wangu wa skuli mgongoni.

Nyumba ya Aija ilijaa. Wanawake walikaa na juzuu zao, wanasoma kwa sauti za chini, na mimi nikapewa yangu, maana nilisifika kwa kusoma. Nilisoma. Uani sufuria za pilau zilikuwa zinafunuliwa, na nawaambieni ukweli kwa sababu nimeahidi nafsi yangu kutoficha: nilikula sahani mbili. Nilikuwa na njaa, na pilau lilikuwa zuri. Bi Zuwena aliniita chumbani kwake. Lile kasha lilikuwa wazi na tupu. Kanzu zote zilikuwa zimetolewa sadaka asubuhi ile, isipokuwa moja, ambayo Raya aliifumua na kuikata mitandio minne ya skuli.

"Yako hii," Bi Zuwena akasema, akaipapasa na kuniwekea mapajani. "Vaa, ipate kuvaliwa na mtu. Wenye elimu zao wote walishindwa nami, wewe ndiye uliyenitua. Mwanaidi kaacha saa zikasimama, mimi ni nani? Nikasema na mimi niache."

Alikuwa ananishukuru. Maneno ya kitabu ambayo hayakuwamo kitabuni, niliyoyatunga na miguu imeshaelekea kwenye televisheni, yeye ameyachukua akamzikia nduguye. Nilifungua mdomo. Pale ndipo palikuwa mahali pake, watu wako nje, sisi tuko wawili. Nikasema, "Ahsante, Bibi."

Mitandio ile niliivaa mwaka mzima. Kitambaa cha kanzu ni kizito kwa kichwa, joto la Ibra mnalijua, na kilinichoma shingo mpaka nikatoka vipele. Mama akasema aninunulie myepesi, nikakataa. Alidhani nampenda sana Bibi. Kitabu nilikihamisha kutoka chini ya godoro nikakiweka juu ya kabati, nyuma ya masanduku, nisikione. Picha ya golikipa nikaibandua, na wala yeye hakuwa na kosa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipokitoa. Hakuna kilichonisukuma, Mama alikuwa anapaka rangi chumba tu na masanduku yakateremshwa. Nilikaa sakafuni nikasoma ile sura ya mwisho, na safari hii Kiswahili nilikifahamu. Fundi Makame hakufa. Alirudi. Lakini aliyeondoka mrefu alirudi mzee aliyefupika, mabega yamemwingia ndani, akapita mlango wake mwenyewe bila kuinama, na Mwanaidi hakumjua. Alimuuliza, "Karibu baba, una saa ya kutengeneza?" Yule mzee hakumjibu. Alichukua saa moja ukutani akaitia ufunguo, na dada yake akaitambua mikono.

Nililia kwa sauti hata kaka yangu akaja kuuliza nani kafa. Nikanunua kaseti tupu, mpya, kwa fedha zangu, nikaisoma sura nzima neno kwa neno. Ilinichukua miezi kadhaa mingine kupiga moyo konde. Likizo ilipofika tulikwenda Sur, nikangoja Mama na Raya wametoka kwenda suku, nikaingia chumbani kwa Bi Zuwena. Alikuwa kitandani na tasbihi yake, amekonda.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona unatweta?"

"Bibi, nilikudanganya. Kile kitabu. Fundi Makame hakufa. Nilikuwa na haraka ya mpira, nikatunga. Nikakuapia, na nilikuwa nimetunga. Alirudi, Bibi. Nimekuletea mwisho wenyewe."

Tasbihi ikasimama mkononi mwake. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na laiti angenitukana.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Ataumia bure." Kisha akasema, wala si kwa hasira, "Nasor nimeshamzika, mwanangu. Nimemsomea, nimemlilia, nguo zake wamevaa watu. Sasa usinifukulie."

Nilibaki nimesimama na ile kaseti. Akanyoosha mkono. "Nipe. Usirudi nayo kwenu." Akateremka kitandani mwenyewe, akapapasa ukuta mpaka kwenye kasha, akalifunua, akaitia humo. Niliisikia ikigonga mbao. "Umekula?" akaniuliza.

Hatukulizungumza tena. Nilikwenda kusoma Nizwa, nikapata kazi, nikaolewa hapa hapa, na kila nilipokwenda Sur alinipapasa uso vile vile kama zamani. Nilijiambia kwamba amenisamehe. Nilijiambia pia, na hili ndilo lililokuwa likinilaza usingizi, kwamba hakuisikiliza, kwamba khitma yake imebaki khitma na yeye amepumzika.

Alikufa nikiwa na mimba ya huyu mwanangu mdogo. Siku ya tatu ya matanga, wanawake walipopungua, Raya aliniita chumbani nimsaidie kutoa vitu. Tulianza na mashuka, tukaja kwenye kasha. Nilidhani ni tupu. Humo mlikuwa na kanzu moja, mpya, nyeupe, kishada cha shingoni bado kigumu, inanuka udi, na juu yake ile kaseti yangu.

Raya aliinyanyua kanzu kwa mabega, akainyoosha hewani. "Hii alinituma kwa fundi na uzi wa kipimo muda mrefu sasa, wewe uko chuo. Nilishangaa, nikasema hili jambo si tumeshalimaliza? Akasema nenda tu. Na tazama ilivyo. Zile zote zilikuwa ndefu, Mjomba Nasor alikuwa mlingoti. Nilipoileta, akaipima kwa mikono yake, nikamwambia, Mama, fundi kakosea, hii fupi na mabega yamebanwa, niirudishe. Akasema hakukosea. Kipimo ni hicho. Na kila Idi ananiambia niitoe, niianike, niifukize, niirudishe."

Niliishika. Ilikuwa kanzu ya mzee, mtu aliyefupika, mabega yamemwingia ndani, wa kupita mlango ule bila kuinama. Aliisikiliza. Nilimnyang'anya nduguye kwa sababu ya mpira, nikamrudishia kwa sababu nilitaka mimi nilale vizuri, na yeye akaanza upya kumngoja, kipofu, peke yake, Idi baada ya Idi, bila ya kumwambia mtu, maana angemwambia mtu angelazimika kunitaja mimi.

Raya alikuwa ananitazama. "Wewe ulikuwa mtu wake wa hadithi. Alikwambia kwa nini fupi?"

"Sijui," nikasema.

Safari hii sikuapa.